Neno la mwisho la mwenzako

"Mzee wa kitanda cha tisa ameshachomwa insulini, ila chakula hakukigusa."

Sentensi hiyo niliambiwa nzima, nikaisikia nusu. Ilikuwa saa moja usiku, mwenzangu ananikabidhi zamu, na kichwani tayari nilikuwa natunga swali kuhusu dripu ya kitanda cha kumi. Nikaitikia kwa kichwa. Saa tatu kasoro nikamkuta mzee amelowa jasho, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la bintiye. Kipimo cha sukari kilisoma 2.4, chini mno: insulini hushusha sukari, naye hakuwa amekula. Tulimpa glukosi ya mshipa, na baada ya dakika chache akanitambua na kuomba maji. Alipona. Lakini ile "ila" haijanitoka hadi leo.

Fomu ya makabidhiano tulikuwa nayo, yenye sehemu zake nne: hali ya sasa, historia, tathmini, pendekezo. Ni fomu nzuri na bado naitumia. Ila fomu humpanga msemaji tu, na usiku ule msemaji hakukosea hata neno moja.

Ndiyo maana tulipoitwa kwenye mafunzo ya maigizo ya papo kwa papo, nilikwenda. Wenzangu kadhaa waligoma wakidhani watafundishwa kuchekesha. Mazoezi haya hayakuanzia kwenye kuchekesha. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo Mmarekani, aliyakuza Chicago miaka ya 1930, akifanya kazi na jamii za wahamiaji, akitafuta michezo ya kuwafanya watu wanaotoka pande tofauti watazamane na kusikilizana. Jukwaa la vichekesho lilikuja baadaye. Na kuyaleta kwenye tiba si jambo la jana: Katie Watson wa Chuo Kikuu cha Northwestern, ambaye amewafundisha wanafunzi wa udaktari kwa njia hii, alieleza kazi hiyo mwaka 2011 katika jarida la Academic Medicine.

Zoezi lililonigusa ni jepesi kulieleza. Mnakaa wawili wawili, mnazungumza jambo lolote, na kila mmoja lazima aanze sentensi yake kwa neno la mwisho la mwenzake. Basi. Jaribu. Huwezi kuandaa jibu mapema, kwa sababu neno unalolihitaji bado liko mdomoni mwa mwenzako. Dakika ya kwanza nilikwama mara tatu, na kila mara nilikwama pale pale: mwenzangu alipofika katikati ya sentensi, mimi nilikuwa nimeshamwacha. Niliona kwa macho yangu mahali "ila" ilipopotelea. Machozi yalinilenga, nikatoka nje kidogo.

Kanuni inayotajwa sana ni ile ya "ndiyo, na": unapokea alichokileta mwenzako, unaongezea juu yake. Hapa nina neno. Wodini kanuni hii ikieleweka vibaya ni hatari. Daktari akitamka dozi iliyozidi, sitasema ndiyo. Ninachokipokea ni kwamba amesema, nami nimesikia: "Nimesikia miligramu 50, na kwenye faili naona 5. Ipi niandae?" Hapo hakuna aliyeaibishwa, na mgonjwa yuko salama. Mkufunzi wetu alilisisitiza hili kuliko yote, nikamheshimu kwa hilo.

Halafu karata. Keith Johnstone, mwalimu mwingine wa maigizo haya, aliyeanzia kazi hii Royal Court Theatre, London, alijishughulisha sana na suala la cheo: nani anajikuza, nani anajishusha, kwa macho, kwa mabega, kwa kukatiza maneno. Kuna zoezi ambalo kila mtu anabandikwa karata kwenye paji la uso bila kuiona. Wengine wanamtendea kulingana na karata hiyo. Daktari bingwa wetu alipata mbili, karata ya chini kabisa. Mhudumu wa usafi alipata mfalme. Kwa dakika tano hakuna aliyemtazama daktari usoni. Alianza sentensi mara nne, kila mara mtu akampita katikati kwenda kumsalimu mfalme. Mwishowe akasimama ukutani, mikono nyuma, kimya. Tulipoulizwa umejifunza nini, alisema taratibu, "Nilikuwa na jambo la kusema, nikaamua kuliacha." Chumba kizima kilinyamaza. Wauguzi wote tuliokuwepo tulilijua jambo hilo: ndilo tunalolifanya kando ya kitanda, na wakati mwingine jambo tulilolimeza ndilo mgonjwa alilolihitaji.

Sidai kwamba siku moja ya michezo inabadilisha wodi. Tuliomba dakika tano kabla ya zamu kila Jumatatu, tukapewa, na tumeendelea na zoezi la neno la mwisho pekee. Ndilo linalofaa watu waliochoka.

Wiki iliyopita mwenzangu alimaliza kunikabidhi, mkoba tayari begani. Mgonjwa wa mwisho alikuwa kijana ambaye majibu ya kipimo chake yalikuwa mabaya. "Mama yake asiambiwe chochote mpaka asubuhi," akasema, akageuka kuelekea mlangoni.

"Asubuhi nani atamwambia?"

Alisimama. Akanitazama, akatazama fomu. Hapakuwa na jina. Akashusha mkoba, akavuta kiti, tukampigia daktari simu pamoja.