Dereva Amevuka, Mimi Je?

Juzi binti yangu alinisogezea daftari lake. Treni yenye urefu wa mita 240 inakwenda kilomita 72 kwa saa. Itachukua muda gani kuvuka daraja la mita 160? Alikuwa ameandika sekunde 8 na mwalimu akamkosoa. "Mbona wanasema ni 20?"

Nikamkumbuka Baba Mdogo.

Alikuwa gadi wa treni za mizigo kati ya Nakuru na Kisumu, enzi zile gadi akisafiri kwenye behewa la mwisho na bendera yake na taa. Likizo ile nilikuwa kwake Muhoroni, na hesabu za treni zilikuwa zimenitoa jasho muhula mzima. Hakunieleza kitu pale nyumbani. Alinichukua hadi karibu na daraja la reli, tukasimama kando, miwa nyuma yetu, harufu ya molasi imejaa hewani.

Treni ikaja ikitokea upande wa Kisumu. Kichwa kilipogusa daraja akanishika bega: "Anza." Nikahesabu kwa sauti. Kichwa kikatokea ng'ambo. Akaniinamia sikioni, "Dereva amevuka. Mimi je?" Nikageuka. Matangi ya mafuta yalikuwa bado yanaingia darajani, moja baada ya jingine, magurudumu yakigonga maungio ya reli, kokoto zikitetemeka. Nikaendelea kuhesabu. Mwisho kabisa likaja behewa la gadi, na mwenzake amesimama mlangoni, wakapungiana mikono. Lilipoacha daraja akasema, "Sasa andika."

Basi ndiyo hiyo. Kichwa hakina budi kwenda mita 160 za daraja, kisha 240 za treni yenyewe, ndipo gadi naye avuke. Jumla 400. Kilomita 72 kwa saa, ukigawanya kwa 3.6, ni mita 20 kwa sekunde; basi mita 400 ni sekunde 20. Ingekuwa kupita mlingoti tu, zingetosha sekunde 12. (Baba Mdogo alishikilia kwamba treni ya mizigo inayopanda kwenda Mau haiwezi kufika 72, na mimi namwamini yeye kuliko kitabu.)

Binti yangu alielewa upesi. Mimi ndiye niliyebaki nikiwaza kama siku ile Baba Mdogo alikuwa akinifundisha hesabu, au akinieleza kazi yake, ambayo sikumbuki mtu yeyote nyumbani akimwuliza. Laiti ningemwuliza: usiku, mvua ikinyesha Londiani, akiwa peke yake kule nyuma, alijuaje mbele kuna nini?