Juniper anajua neno moja la Kiswahili

Miezi mitatu ya kwanza farasi Juniper hakunikubalia nimvishe hatamu bila vita. Nikiingia malishoni na kamba mkononi, alikuwa anainua kichwa, ananitazama kwa jicho moja, kisha ananipa mgongo na kuondoka taratibu. Nikikimbia, anakimbia. Nikisimama, naye anasimama, umbali uleule. Siku moja nilimfuata dakika 40 nzima, na nilipomshika mikono ilikuwa inanitetemeka kwa hasira. Yeye alikuwa anatetemeka pia, ila siku hiyo sikuliona hilo.

Huu ni mwaka wangu wa sita Marekani. Kazi ya zizini niliipata kwa kuelekezwa na mtu: kusafisha mabanda, kugawa nyasi kavu, kujaza maji. Kabla ya hapo sikuwahi kumgusa farasi. Nilichokuwa nacho ni ile methali ya mpanda farasi wawili, basi. Mwenye shamba ni mama mtu mzima aliyeishi na farasi tangu utotoni, na siku ya kwanza aliponitembeza alisimama mbele ya banda la Juniper akaniambia huyu ana kichwa kigumu, mpe chakula chake umwache. Farasi jike wa miaka tisa, rangi ya kahawia iliyokolea, zaidi ya kilo 450. Alikuwa amepita mikononi mwa watu wanne, na wote walimrudisha na sifa moja: mbishi.

Sifa hiyo ilinichoma, na sababu ninayo. Kwenye kazi yangu ya kwanza ugenini, msimamizi alikuwa ananiagiza jambo kwa Kiingereza cha haraka. Nisipoelewa, analirudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Bado sijaelewa, anapaza. Mimi nimesimama pale nimeduwaa, naye ananihesabu kuwa mtu asiyetaka kuagizwa. Sikuwa nimekataa kitu. Sikujua nimeombwa nini. Kwa hiyo nilipowaona watu wanamvuta Juniper kwa kamba, akigoma wanamvuta zaidi, akizidi kugoma wanamchapa, niliijua ile hali kutoka ndani.

Nikaanza kutumia mapumziko yangu ya mchana kukaa malishoni, mikono mitupu, nimegeukia upande mwingine. Nilikuwa nazungumza naye Kiswahili. Kuanzia asubuhi mpaka jioni hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye lugha hiyo, na yeye hakuwa na shida na matamshi yangu. Mama mwenye shamba aliniona siku ya tatu au ya nne, akaja akakaa kando yangu, na hapo ndipo nilipoanza kufundishwa.

Aliniambia kwamba katika magharibi ya Marekani, kwa miaka mingi, farasi mchanga alifungwa, akatandikwa, akapandwa kwa nguvu mpaka aishiwe. Kwa Kiingereza kitendo hicho mpaka leo huitwa kumvunja farasi, na sikuhitaji kuelezwa maana. Kisha wakatokea watu kama Tom Dorrance (1910–2003), aliyekulia kwenye ufugaji huko Oregon, na Ray Hunt (1929–2009) aliyejifunza kwake, akazunguka kufundisha wengine. Wao walianza na swali tofauti: farasi mwenyewe anaionaje hali hii? Wazo lao ni kupanga mambo ili jambo unalolitaka liwe jepesi kwake na usilolitaka liwe na usumbufu, kisha umwachie achague. Baadaye mkufunzi mwingine, Pat Parelli, akayapanga mazoezi ya chini, yaani yale unayofanya kabla ya kupanda, kuwa michezo saba, na wa kwanza kabisa ni wa kumfanya farasi aone kwamba mguso wako hauna madhara. Siyo mambo mapya kabisa. Mgiriki Xenophon aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira. Ni ajabu ushauri wa zamani kiasi hicho ulihitaji kugunduliwa upya.

Watu huita njia hii ya asili. Jina hilo mimi silipendi sana, kwa sababu hakuna asili yoyote katika mnyama kumbeba mwingine mgongoni. Kilicho cha asili ni lugha. Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yapo pembeni mwa kichwa na anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo iliyo mbele ya paji na chini ya pua. Anayemwinda, simba au mbwa mwitu, macho yake yapo mbele na humwendea moja kwa moja huku amemkazia. Sasa fikiria nilivyokuwa namwendea Juniper kila asubuhi: mstari mmoja, macho yamemganda, mkono na kamba umenyooka mbele. Nilikuwa naingia malishoni kama mwindaji, halafu nashangaa anakimbia.

Tukabadilisha. Nikawa natembea kwa mshazari, nikielekea begani kwake na siyo usoni, macho chini. Akiinua kichwa tu, nasimama. Akigeuza sikio moja kwangu, narudi nyuma hatua mbili. Hili la kurudi nyuma lilinishinda kulielewa mwanzoni, maana nilidhani nampoteza. Kumbe kwake kule kuondoka kwangu ndiko kulikuwa jibu: umenitazama, nami nimeipunguza hofu yako. Siku ya kumi na moja nilirudi nyuma hatua zangu mbili na nikasikia kwato. Alikuwa amenifuata hatua moja. Nikampa mgongo nikaondoka kabisa malishoni, na nilikaa nyuma ya ghala kwa muda kabla ya kurudi kazini.

Baada ya hapo ndipo ikaja kamba yenyewe, na hapa ndipo ulipo ufundi.

Tulitumia hatamu ya kamba nyembamba yenye mafundo, isiyo na lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, na kamba ya kuongozea yenye urefu wa karibu mita nne. Ukimvuta farasi, naye anavuta. Ukimsukuma, anakuegemea. Ndivyo mwili wake ulivyo, na katika kuvutana na kilo 450 hakuna mtu atakayeshinda. Kinachomfundisha ni kule kuachiwa. Unaweka kidole kifuani pake, kidogo tu, kama unavyomgusa mtu aliyelala. Unasubiri. Asipojibu unaongeza kidogo, kisha kidogo tena, bila pupa, na mara tu anapowaza kurudi nyuma, unaondoa kidole. Nimesema anapowaza. Ukisubiri mpaka mguu uondoke umeshachelewa. Uzito wake unahama kwanza, misuli ya kifua inalegea, na hapo ndipo pa kuachia. Una muda wa sekunde moja hivi. Ukipita, hawezi tena kujua umeachia kwa sababu gani.

Wiki nzima mama alisimama pembeni akisema neno moja: umechelewa. Umechelewa. Umechelewa. Nilimwambia naona haiwezekani mtu kuwahi kiasi hicho. Akanijibu kwamba Juniper anawahi, kwa hiyo inawezekana.

Katika zoezi hilo ndipo nilipoelewa wale watu wanne walimfundisha nini. Kila walipomvuta, alikuwa akisimamia miguu ya nyuma, na wao kwa hofu, hofu inayoeleweka kabisa, walikuwa wanaachia kamba wakati ule ule. Alijifunza vizuri mno. Alijua kwamba kamba ikikaza, jawabu sahihi ni kusimama kwa miguu miwili, kwa sababu hapo ndipo inapolegea. Farasi waliyemwita mkaidi alikuwa anafuata maagizo yao barabara.

Niseme pia jambo ambalo naona linarukwa na wengi, na ningeliweka mbele ya mazoezi yote: maumivu. Juniper alikuwa anabana masikio nyuma na kutaka kuuma kila mkanda wa tandiko ulipokazwa. Nilimwomba mama amwite daktari wa mifugo. Akakuta meno ya nyuma yana makali yanayomkata shavu, maana meno ya farasi huendelea kusukumwa nje ya ufizi kadiri yanavyosagika, na yasipokwaruzwa kwa tupa huota kingo kali. Tandiko nalo lilikuwa jembamba, linambana mabegani. Akashauri pia asikae muda mrefu bila nyasi, kwa kuwa tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, ale asile, na mate ya kutafuna ndiyo yanayoipoza. Wiki chache baada ya meno kusuguliwa na tandiko kubadilishwa, nusu ya ubishi wake ilikuwa imeondoka. Hakuna mchezo wa kamba unaotibu jino. Anayemfundisha farasi mwenye maumivu anamfundisha kuvumilia, na siku moja atashindwa kuvumilia akiwa na mtu mgongoni.

Nusu iliyobaki ilikuwa ni yeye mwenyewe, na hiyo niliipenda. Juniper ana maoni. Katika kundi ni yeye anayewahamisha wenzake kwenye maji, mara nyingi kwa kugeuza sikio tu. Kwa farasi, anayesogeza miguu ya mwenzake ndiye mwenye neno. Alinijaribu hivyo hivyo: akawa ananisukuma kwa bega wakati wa chakula, kwa upole, kana kwamba amesahau kuwa nipo. Kila nilipompisha, alijifunza kitu. Ushirikiano hauna maana ya kumwachia afanye apendavyo, kwa sababu farasi asiyeheshimu nafasi yako anaweza kukuvunja mguu bila hata kuwa na nia mbaya. Nikawa nazungusha mkia wa kamba kati yetu kwa mdundo mmoja, bila kumfuata nao, bila kukunja uso. Akiingia ndani ya ule mzunguko anakutana nao. Akirudi nyuma, mkono wangu unashuka papo hapo. Siku mbili zilitosha.

Kuna jambo ninalolikataa, ingawa wapo wanaoliita kwa jina hilo hilo la asili: kumkimbiza farasi ndani ya uwanja wa duara, raundi baada ya raundi, mpaka ainamishe kichwa na kuja katikati, kisha watu wanapiga makofi. Uwanja wa duara una kazi yake kwa mwenye jicho la kuona. Lakini farasi aliyechoka na farasi aliyekubali wanafanana kwa mbali. Wanakuonyesha pia kwamba analamba midomo na kutafuna, wanasema amekubali. Mimi ninavyomwona Juniper, kulamba huja anapotoka kwenye wasiwasi kwenda kwenye utulivu. Kwa hiyo nikimwona analamba, najiuliza pia kwanza nilimtia wasiwasi wa nini.

Kwenye shamba kuna mfereji, na juu yake daraja la mbao lenye upana wa kupita gari dogo. Juniper hakuwahi kulivuka. Watu waliokuja kabla yangu walikuwa wanamzungusha mbali, karibu kilomita nzima, kufika malisho ya pili.

Nilimpeleka pale asubuhi moja nikiwa sina kazi nyingine mpaka mchana. Hilo ni muhimu kuliko kamba. Ukiwa na haraka, atajua. Mita kumi kabla ya mbao alisimama, shingo juu, pumzi nzito. Nimezoea kumpima mapigo kwa vidole viwili chini ya taya. Akiwa ametulia hupata 36 hivi kwa dakika, na kwa farasi mkubwa aliyepumzika kawaida ni 28 hadi 44. Pale yalipita 70 na alikuwa hajapiga hatua.

Nikalegeza kamba yote. Akitaka kuona kilicho chini ya pua yake lazima ainamishe kichwa, na ukimshika kichwa juu unamwomba aingie gizani. Akainama, akanusa, akakoroma, akarudi nyuma. Nikaenda naye nyuma. Mbali na daraja tukafanya kazi: zunguka huku, geuka, rudi. Karibu na daraja tukapumzika, kamba imelegea, namkuna shingoni. Sikumwonyesha kwamba nataka avuke. Nilichotaka ni kwamba sehemu ya kupumzikia iwe ile. Kila alipopeleka pua mbele, hata upana wa kiganja, nilikuwa nasema "basi" na kulegeza. Hilo "basi" lilianza bila mpango, ni neno tu lililonitoka tangu siku za kidole kifuani. Kila nilipoachia, nilisema basi.

Ilichukua saa moja na robo. Akaugonga ubao kwa ukwato wa mbele, akausikiliza mlio wake. Akaugonga tena. Kisha akapanda, miguu miwili, akasimama hapo masikio yakicheza, na ningeweza kumwomba zaidi. Nikasema basi, nikamrudisha mwenyewe, tukaenda nyumbani. Kesho yake alivuka kwa hatua za kawaida, kamba ikining'inia katikati yetu kama tabasamu.

Mwezi uliopita niliugua, nikakaa kitandani siku tisa. Niliporudi niliegesha gari karibu na ghala na nikawaona kwa mbali, mama amemshika Juniper, wanakuja upande wa mfereji. Kwenye daraja Juniper alipunguza mwendo. Mama naye akasimama, akalegeza kamba, akasubiri. Walipomaliza kuvuka akamgusa shingoni, na nikamsikia akilitamka kwa lafudhi yake, polepole, herufi kwa herufi: basi. Juniper akashusha kichwa.