Kitovu cha Riddick kilizikwa wapi?

Nimekwama sura ya nne. Wale mnaonifuatilia mnajua tangu mwaka jana naandika utoto wa Riddick, yule jamaa wa Vin Diesel mwenye macho yanayong'aa gizani kama ya paka, naandika kwa Kiswahili kwa raha zangu tu, hakuna anayenilipa na mhusika mwenyewe si wangu, ana wenyewe huko Marekani. Fanfiksheni wanaita. Na aliyenikwamisha ni bibi yangu wa Tukuyu ambaye hajawahi kuona hata dakika moja ya hiyo muvi.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Riddick nilimuona kwanza kwenye kibanda umiza, Mwanjelwa pale Mbeya, nipo darasa la nne, unatoa mia yako unabanana kwenye benchi na joto la watu mpaka ile baridi ya Juni unaisahau. Siku hiyo wameweka Pitch Black, ya mwaka 2000, na kibanda kizima kiligombana. Manake sisi muvi tulikuwa tunaangalia kwa kanuni moja, kwanza umjue steringi, steringi hafi, ukishamjua unatulia. Sasa hii inaanza chombo kinaanguka kwenye sayari yenye majua matatu, kuna mtu kafungwa minyororo, kazibwa macho kwa kitambaa, kawekewa lijamu mdomoni kama farasi, alafu kuna askari mtanashati mwenye beji anamchunga. Tukajua tayari, askari ndo steringi. Kufika katikati kumbe si askari wala nini, anawinda watu kwa pesa na anajidunga mofini, na yule wa lijamu ndo anawaongoza wenzake kwenye giza. Kaka mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti "sasa steringi nani hapa?" akaambiwa anyamaze, watu wanaangalia.

Hiyo muvi ilinikaa vibaya. Kule kwenye sayari yao jua linapatwa mara moja kila miaka 22, giza likiingia viumbe vinatoka ardhini, kwenye vitu kama vichuguu virefu. Sasa tarehe 1 Septemba 2016 si mnakumbuka jua lilipatwa huku kwetu, watu wakaenda kujazana Rujewa kule Mbarali. Na mimi nilienda. Mwezi ukakaa katikati, jua likabaki pete, mwanga ukawa wa ajabu kama wa jioni wakati ni mchana, kila mtu kashika kimiwani chake anaangalia juu anashangilia, mimi peke yangu naangalia vichuguu.

Haya, turudi kwenye utoto. Kwenye ile muvi ya kwanza maneno kuhusu utoto wake ni machache mno na anayasema mwenyewe, anamwambia imamu mmoja waliyesafiri naye, kwamba maisha yake yalianzia kwenye pipa la taka la duka la pombe, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. (Anaongezea na kitu kuhusu Mungu ambacho bibi sikumwambia, bibi ni Mmoravian.) Na macho anasema alifanyiwa na daktari gerezani kwa malipo ya sigara ishirini za mentholi. Basi. Mengine yote unajaza wewe.

Alafu ikaja 2004 wakaijaza wenyewe. The Chronicles of Riddick inasema kwao ni Furya, kwamba mtawala mmoja aliambiwa na mtabiri kuwa mtoto wa kiume wa Furya atamwangusha, akaenda kuwamaliza, vichanga wakanyongwa kwa kamba za vitovu vyao. Mwaka huo huo likatoka gemu, Escape from Butcher Bay, humo macho hayatokani na daktari wala sigara, anashonwa jeraha na mzee mmoja huko chini ya gereza, anasikia sauti ya mwanamke, akija kushtuka anaona gizani. Na ndani ya hiyo Chronicles yule binti aliyemfahamu akiwa mdogo anamshukia, anamwambia nimekutafutia huyo daktari wako wa sigara ishirini sikumpata, kuna lolote ulilosema lilikuwa kweli? Kwaiyo shahidi wetu pekee wa utoto wa Riddick ni Riddick, na anajulikana muongo.

Mimi ule utabiri siupendi, niseme tu. Mtoto wa dampo ukishamfanya mtoto wa unabii, dampo linakuwa kama kituo cha daladala, kashuka hapo anabadilisha gari anaendelea na safari yake ya ukubwa. Nilitaka dampo liwe dampo. Nikaenda hadi nyuma ya baa moja huku mtaani saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, kuangalia tu pipa la taka likoje saa hiyo. Mlinzi akanimulika tochi, nikamwambia naandika hadithi, akasema andika haraka. Kulikuwa na mama anachambua chupa. Alikuwa hatazami, anachambua kwa mlio, anagonga chupa na chupa, yenye ufa inalia tofauti anaitupa kule. Moshi unatoka kwenye taka, nikafikiri linaungua, kumbe ni joto la uozo tu linakutana na baridi. Nikasema sawa, kichanga kinaweza kuishi humo mpaka asubuhi. Sura ya kwanza niliiandika siku hiyo hiyo.

Sasa wiki mbili zilizopita nimeenda Tukuyu. Bibi anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, ananiuliza siku hizi unafanya nini usiku usilale, mama yako ananiambia. Nikamsimulia. Bibi yangu alizalisha wanawake miaka na miaka kabla hawajaanza kuwahimiza watu waende zahanati, kwaiyo nilijua hapo kwenye kamba shingoni atasikitika sana. Wala.

"Hilo tu?" akasema.

"Bibi, kamba imemzunguka shingoni!"

"Nimesikia. Wengi wanakuja hivo." Akachomoa kamba ya mgomba, ile kavu, akaizungusha kwenye ndizi aliyokuwa hajaimenya, akapitisha kidole chini yake, akaipandisha taratibu mpaka ikatoka juu kwa kichwa cha ndizi. Sekunde tatu. "Unafanya hivi. Mama yake anaendelea kusukuma. Baba yako alikuja nayo mara mbili shingoni, uliwahi kuona anachukia watu?"

Nikabaki na simu mkononi. Manake hapo ujue kaniulia sura tatu. Kama kamba shingoni ni kitu cha kawaida cha kuzaliwa, basi labda hakuna aliyemnyonga, si mama, si mtawala, mtu mzima anazunguka na hasira ya maisha kwa kitu ambacho mkunga anakitoa kwa kidole kimoja.

Alafu akaendelea kumenya, kaa dakika kama mbili, akauliza, "Na aliyemwambia ni nani?"

"Amwambie nini?"

"Kwamba alikuwa kwenye pipa. Kichanga hakikumbuki. Kuna mtu alimtoa, akamlea hata kidogo, akaja kumwambia. Uyo mtu umemuweka wapi?"

Sikuwa nimemuweka. Sura zote nne nilikuwa na pipa, mtoto, alafu ghafla kituo cha watoto yatima. Miaka yote tangu Mwanjelwa nimeisikia ile sentensi na sijawahi kujiuliza ameijuaje. Labda ni muongo kweli, lakini hata uongo wa namna hiyo kuna mtu wa kwanza kukupa.

"Na kitovu kilipodondoka walikizika wapi?" Kwa bibi hili ndo lilikuwa la maana kuliko yote. Changu kipo pale pale nyuma ya nyumba kwenye mgomba, ananionyeshaga kila nikienda kama vile nimesahau, shina lenyewe lilishakufa zamani wanakua watoto wake.

Kwaiyo nimefuta. Nimeanza upya na mama wa chupa. Hapa kipande tu, msinicheke:

*Alikuwa amezoea mlio wa kioo. Huu haukuwa mlio wa kioo. Aliingiza mkono kwenye taka mpaka begani, akagusa kitu chenye moto wake chenyewe. Kamba ilikuwa imepita shingoni mara moja, akapitisha kidole, akaitoa, kama mtu anayevua mtoto kofia. Hakulia, yule mtoto. Alimwangalia tu. Siku ya saba kitovu kikadondoka, akakiweka kwenye kiboksi cha kiberiti, akatoka nje kutafuta udongo, na nje kulikuwa na chuma, na chini ya chuma kulikuwa na chuma.*

Jana usiku nimempigia bibi kumsomea. Mtandao wa kule unakatakata nikasoma mara mbili. Akasikiliza, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, alafu akauliza kama yule mama ameshakizika.

"Bado bibi. Anacho kwenye kiberiti."

"Mpaka lini?"

"Sijajua. Huko walipo hakuna udongo."

"Kote huko? Hata pa kupanda mgomba mmoja?"