Jinsi Nilivyoifufua Shukrani Iliyogeuka Mazoea
Kwa miezi kadhaa niliandika kila usiku mambo matatu ya kushukuru, lakini daftari likajaa maneno yale yale: afya, familia, kazi. Ufumbuzi niliupata niliposoma utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003 kuhusu shukrani, ambamo kundi moja liliandika mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10. Nikahamishia zoezi langu Ijumaa jioni, nikajiwekea sharti la kutaja tendo mahususi la mtu, kama vile jirani aliyeanua nguo zangu mvua ilipoanza, akazikunja na kuzifunika kwa kanga yake kwenye beseni. Kesho yake humwendea mhusika nikamshukuru ana kwa ana, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko daftari lenyewe.