Masikio ya farasi wa Ngoie

Jina la farasi lilimfikia kwanza kwenye sarufi. Mwalimu wa Kifaransa aliandika ubaoni «un cheval, des chevaux», yaani farasi mmoja, farasi wengi, darasa zima likaitikia, na Ngoie, mtoto wa dada yangu, akarudi nyumbani hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na swali: "Mama mdogo, huyu mnyama ana nini hata jina lake ligeuke hivyo wakiwa wengi?" Ana miaka minane. Farasi alikuwa hajamwona hata mmoja, ila picha kwenye simu yangu. Tangu siku hiyo hakuna mlo unaoliwa hapa bila farasi kutajwa.

Akaanza kuwafinyanga kwa udongo wa kichuguu. Huku Lubumbashi vichuguu ni vilima, watu huvichimba wakafyatua matofali ya nyumba. Ngoie huuponda udongo kwa jiwe, huutoa mizizi, huulowesha kidogo kidogo, kisha huukanda mpaka uache kushika vidole. Taabu yake ilikuwa miguu. Ikikauka ilipasuka magotini, farasi akaanguka kifudifudi. Siku ya nne alivunja vijiti vya ufagio wangu mpya, akavitia kimoja kimoja ndani ya kila mguu. Sikumgombeza. Farasi walisimama.

Usiku mmoja umeme ulipokatika nikamtungia hadithi. Farasi wangu alikuwa mweupe, mwenye mabawa, mwenye kusema kama watu. Alimbeba msichana aitwaye Sifa, wakapaa juu ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba. Ngoie alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Anakula nini?" Nikanyamaza. "Na kwa nini anasema? Kama anasema, si farasi. Ni mtu amevaa ngozi."

Maneno hayo yalinikesha. Mimi nilidhani mtoto anataka muujiza, kumbe kwake muujiza ni farasi mwenyewe, alivyo, na nywele zake na nzi wake. Nilikuwa nimemwondolea kile kile anachokipenda.

Mjini kuna klabu ya wapanda farasi. Mimi ni mshonaji, na mteja wangu mmoja ana mume anayefanya kazi kule. Jumapili moja akatuombea ruhusa. Tulipofika tulipokewa na mzee anayewatunza, mtu wa maneno machache. Ngoie alimwita nkambo papo hapo, kama babu yake wa kumzaa, naye akaitika.

"Mwanangu, usimwendee nyuma," mzee akamwambia. "Huko haoni, atashtuka apige teke. Pita ubavuni, sema naye, ajue uko hapo."

Farasi alikuwa jike, rangi ya kahawa, na alama nyeupe usoni. Mzee akamwinua mguu akamwonyesha Ngoie chini ya kwato, akasema kwato huota siku zote kama kucha, lazima zikatwe. Akasema farasi aweza kusinzia akiwa wima, miguu imejifunga yenyewe asianguke, na kwamba jike hubeba mimba karibu miezi kumi na moja, na mtoto akizaliwa haipiti muda mrefu kabla hajasimama. Ngoie hakuuliza kuhusu kupanda. Aliuliza kuhusu masikio.

"Yakielekea mbele, anasikiliza kitu," mzee akasema. "Yakilala nyuma kabisa, amekasirika, mwache. Moja huku moja kule, anakusikia wewe na mimi pamoja."

Kisha akampa kipande cha karoti na kumfundisha kunyoosha kiganja, vidole vyote vimebanana, kwa sababu farasi hakioni kilicho chini kabisa ya mdomo wake, huking'amua kwa midomo na ndevu. Nilikuwa nyuma yao hatua mbili. Niliona ule mdomo wa juu ukijikunja kama kidole, ukapapasa kiganja, ukachukua karoti, halafu ukabaki pale pale bila kutafuta kitu. Mkono wa Ngoie haukutikisika.

Nikaiandika hadithi upya. Sifa haruki tena angani. Anaamka kabla ya jua, Juni, ile baridi yetu inayofanya mtu apulize vidole, anakwenda na ndoo ya maji, anazoa mavi, anachana mkia. Nywele za mkiani zimejaa majani yanayonasa, naye huyatoa moja moja. Farasi wake ni mgonjwa wa mguu na hapandwi na mtu. Hadithi karibu yote ni kusubiri mguu huo upone.

Sehemu moja Sifa anauliza kama sisi hatuna wa porini. Nimemweka mzee amjibu habari za Upemba, hifadhi ya huku huku Katanga iliyoanzishwa mwaka 1939, ambako wamebaki punda milia wa mwisho wa Kongo yetu. Hapo Ngoie alinikatiza. "Kwa nini Kiswahili kinamwita punda, na ni ndugu ya farasi?" Nikamwambia punda naye ni ndugu yao, wote ukoo mmoja. Akakaa kimya. Kesho yake nilikuta dirishani punda wa udongo, masikio marefu, amesimamishwa katikati ya farasi. Masikio ya farasi wote alikuwa ameyafinya upya kwa kucha, yakamwelekea yeye.

Mwisho wa hadithi farasi anakula kwenye kiganja cha Sifa, karoti inakwisha, naye haondoki. Nimeandika: "Akabaki anapumua mkononi mwake." Sentensi hiyo Ngoie huniomba niisome mara mbili kila usiku, na mara ya pili hunyoosha kiganja gizani, vidole vimebanana.