Miguu Kwanza: Kujiandaa kwa Camino Francés

Hujaji anayekatiza safari ya Santiago kwa Camino Francés, njia ya mahujaji wanaotembea kwa miguu hadi Hispania, katika siku za mwanzo, mara nyingi si pumzi iliyomwishia. Ni lengelenge alilolipuuza asubuhi, au goti lililobebeshwa begi zito. Ndiyo maana maandalizi ya njia hii yaanzie chini, kwenye miguu.

Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, hadi Santiago de Compostela, Hispania, ni takriban kilomita 780. Ukigawanya kwa siku 33 unapata karibu kilomita 24 kwa siku, hesabu inayoonekana nyepesi. Lakini siku ya kwanza peke yake ina kilomita kama 25 za kuvuka milima ya Pirenei: unaanzia kwenye mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi kipito cha mlimani cha Lepoeder, zaidi ya mita 1,400, kisha unateremka hadi kijiji cha Roncesvalles. Afadhali uigawe siku hiyo. Lala kwenye hosteli ya Orisson, kilomita kama 8 kutoka Saint-Jean, na uweke nafasi mapema maana vitanda ni vichache. Ukifika Lepoeder, njia inayokata msituni ni fupi lakini mteremko wake ni mkali na huteleza mvua ikinyesha. Ile inayopitia Ibañeta inazunguka kidogo, ila ni ya upole. Mwenye magoti mabovu aifuate hiyo ya pili. Na kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi njia ya juu hufungwa, kwa hiyo watu wote hupitia njia ya bondeni, ya Valcarlos.

Viatu nunua jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za siku, na uvijaribu ukiwa na soksi zilezile utakazosafiri nazo. Kati ya kidole gumba na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Bila nafasi hiyo, kila mteremko vidole hugonga mbele, kucha huwa nyeusi, baadaye hung'oka. Soksi za sufu nyembamba ni bora kuliko za pamba, kwani pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Lengelenge halitokei ghafla. Kwanza unahisi joto mahali padogo, tuseme pembeni mwa kisigino, kama kitu kinachowasha. Simama hapohapo, usingoje kijiji kinachofuata. Vua kiatu na soksi, toa mchanga, kausha, kisha bandika plasta isiyo na mkunjo hata mmoja, kona zake ukiwa umezikata mviringo ili zisibanduke. Likiwa limeshajaa maji na linauma, litoboe ukingoni kwa sindano iliyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kamua taratibu, ngozi ya juu iache ilivyo, kisha ufunike. Ule mtindo wa kupitisha uzi na kuuacha ndani usiufuate kabisa: uzi huo ndio mlango wa vijidudu.

Mazoezi yapewe wiki 12. Anza na matembezi mafupi mara tatu kwa wiki, uongeze umbali kidogo kidogo, na begi liingie mapema likiwa na nusu ya uzito. Karibu na safari, tembea kilomita 20 siku mbili mfululizo ukiwa na mzigo kamili. Siku ya pili ndiyo itakayokuonyesha kiatu kinabana wapi, na bado una muda wa kukibadilisha.

Begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako: mtu wa kilo 65 abebe kilo 6.5. Pima kila kitu kwenye mizani. Nguo seti mbili zatosha, moja mwilini na moja inakauka. Soksi ziwe jozi tatu. Maji usiyapunguze: lita moja ni kilo moja, lakini baada ya mji wa Carrión de los Condes kuna kilomita 17 hivi bila kijiji. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ukazwe kabla ya kamba za mabegani, la sivyo mabega yatabeba kila kitu.

Kwenye hosteli usiweke begi kitandani. Kunguni husafiri kwenye mabegi, hivyo inua godoro na ukague mishono yake kabla ya kutandika.

Jambo la mwisho ni credencial, kijitabu cha mihuri. Kigongwe muhuri kila unapolala. Katika kilomita 100 za mwisho, ambazo wengi huanzia mji wa Sarria, hakikisha unapata mihuri miwili kwa siku. Ofisi ya mahujaji huiangalia kabla ya kutoa Compostela, hati ya kuthibitisha kuwa umekamilisha hija.