Saa janja: ipange ikufanyie kazi kutwa nzima

Kazi kubwa ya saa janja ni kukupunguzia kutoa simu mfukoni. Ukiichukulia hivyo, hata ile ya bei ya chini inafaa sana.

Anza na arifa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Saa mpya hupokea kila kitu: makundi ya WhatsApp, matangazo, matokeo ya mpira. Baada ya siku mbili mkono umechoka kutetemeshwa na mwenyewe anazima vyote. Fungua programu ya saa kwenye simu, zima arifa zote, kisha washa tatu tu: simu zinazoingia, ujumbe mfupi na kalenda. Nyingine ongeza moja moja ukiona unaihitaji kweli.

Kwa mwenye duka au mama lishe, ujumbe mfupi peke yake unalipia gharama ya saa. Mteja amelipa kwa M-Pesa, mikono yako imejaa unga wa chapati. Unageuza kifundo na kusoma. Ila soma mpaka chini. Kioo huonyesha mistari michache ya mwanzo, na salio jipya huandikwa kuelekea mwisho, kwa hiyo telezesha kidole cha mkono mwingine, au hata pua, mpaka ulione. Mtazame na mtumaji: ujumbe halisi huja kwa jina la huduma, wa tapeli mara nyingi huja kwa namba ya kawaida. Ukiwa na shaka, nawa mikono, shika simu uangalie salio kabla mzigo haujaondoka.

Arifa zikikoma baada ya saa moja au mbili, usikimbilie kuilaumu saa. Simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu ya saa, fungua sehemu ya betri na uondoe vizuizi. Kama kuna kipengele cha kuiruhusu ijiwashe yenyewe, kiwashe. Na unapofagia programu zilizo wazi, hiyo iache.

Hili la pili ni tamu: kusoma saa kwa Kiswahili. Chagua sura ya kioo cha saa yenye saa ya mji wa pili, weka Tokyo, tumia mfumo wa saa 12. Tokyo iko mbele ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa 6 kamili mwaka mzima, hivyo 8:00 ya asubuhi itasomeka 2:00, yaani saa mbili. Herufi za AM na PM kuna wakati hazitalingana na za kwako, zipuuze.

Kengele ya mtetemo humwamsha mwenye saa peke yake, iwe ni kuwahi basi la alfajiri au kula daku, na mtoto aliye ubavuni anaendelea kulala. Kipima muda nacho hukufuata: umefunika wali, umeweka dakika 15, uko uani unaanika nguo, mkono unakukumbusha. Simu ikipotea ndani ya nyumba, bonyeza alama ya kutafuta simu. Kwenye saa janja za aina nyingi, simu italia hata ikiwa kimya, mradi Bluetooth haijakatika. Umeme ukikatika, kioo cheupe kinatosha kutafutia mshumaa.

Kwenye afya, kuwa makini. Mapigo ya moyo hupimwa kwa taa za kijani zinazomulika damu chini ya ngozi, kwa hiyo saa inayochezacheza hutoa namba za ovyo. Ivae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, na kaza kidogo unapokimbia. Wino wa tatuu huzuia mwanga. Hatua pia huhesabiwa kwa mwendo wa mkono: kukanda unga huziongeza, kusukuma mkokoteni huzipunguza. Kuhusu saa zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, usizitegemee hata kidogo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwezi Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa yoyote ya aina hiyo. Mgonjwa akipanga dozi ya insulini kwa namba hizo, anahatarisha maisha yake. Presha nayo: hata Galaxy Watch ya Samsung, kwenye nchi ambako kipimo hicho kinaruhusiwa, hudai ulinganishwe na mashine ya presha inayofungwa mkononi kila baada ya siku 28.

Betri ikiisha haraka, zima kwanza kioo kinachowaka muda wote, kisha GPS, ile inayofuatilia mahali ulipo.

Maandishi ya 5 ATM kwenye saa ni kiwango cha kuhimili maji: yanaruhusu kuogelea juu juu, si kuzamia, wala mvuke wa moto. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe. Kabla ya kuichaji, pangusa vile vitone vya chuma mgongoni kwa kitambaa kikavu: jasho na chumvi vikiachwa hapo huvila taratibu, mpaka siku moja chaja inagusa na saa haipokei moto.